Lile shimo kwenye godoro la bibi yako

Mwanangu,

Barua yako imenifika. Umeuliza kama Giuseppe Fiorelli, yule mwanaakiolojia Mwitalia mnayemsoma huko Napoli, alifanya vyema kuwatoa hadharani wafu wa Pompeii, mji wa kale uliofukiwa na majivu ya volkano, na kama mimi ningeingia kuwatazama. Nimelisoma swali mara tatu, na kila mara mawazo yananirudisha kwenye godoro la bibi yako.

Unalijua, lile la sufi. Miaka ya mwisho alilalia ubavu mmoja tu, sufi ikabonyea ikashika umbo lake: bega hapa, nyonga pale, goti limekunjwa. Matanga yalipokwisha nikalitoa uani, nikalianika, nikalipiga fimbo mpaka likafura kama jipya. Majirani wakanisifu kwa usafi. Usiku, natandika shuka, mkono ukapapasa kutafuta pale mahali. Hapapo.

Ndiyo maana Fiorelli nampenda. Waliomtangulia walichimba wakitafuta sanamu na vito vya jumba la mfalme wa Napoli. Wakikuta uwazi kwenye majivu yaliyoganda, pale mwili ulipooza ukaacha umbo lake, wanaubomoa wanapita. Yeye, mwaka 1863, akawazuia wachimbaji wasiguse. Akamimina plasta humo, ikakauka, majivu yakabanduliwa, akatokea mtu aliyekufa mwaka 79 baada ya Kristo, mlima Vesuvius ulipolipuka, mpaka mikunjo ya nguo yake inaonekana. Shimo nalo ni kitu, mwanangu. Nimekwambia hivyo tangu unasoma msingi, na sichoki.

Tena hakuwa mtu wa pupa. Alichimba kutoka juu kushuka, tabaka kwa tabaka, apate kujua nyumba iliangukaje. Akaugawa mji kwa mitaa na vitalu, kila mlango ukapewa namba, ili kila kitu kijulikane kwao ni wapi. Mtu aliyewahi kufungwa jela baada ya vuguvugu la mapinduzi la 1848, miaka yake imeliwa, angeweza kufanya haraka. Mimi nani alinikimbiza na ile fimbo?

Lakini hapo hapo moyo unanigeuka. Sisi maiti tunaisitiri. Bibi yako na haya zake zile, hata daktari alimfunulia mkono tu. Nimwache alale ndani ya kioo, watu wakate tiketi? Hapana. Ni plasta tu, najiambia. Kumbe mifupa imo mle ndani, kwa hiyo ni maiti hasa. Halafu nalikumbuka lile shimo, na ningetoa chochote niliguse tena hata mara moja. Na yule mbwa aliyepatikana 1874, kwenye picha uliyonitumia, amejipinda na mkanda wake shingoni, maana hakuna aliyemfungua mnyororo. Bila plasta nani angejua kwamba alisahauliwa?

Jibu lako ninalo, liko ncha ya ulimi, na kulimeza kunaniuma. Nenda wewe kwanza. Ukitoka, niandikie walikuwa wamelalia ubavu gani.

Mama yako