Filamu Iliyohukumiwa Kuteketezwa, na Aliyeiongoza

SWALI: Mhariri, pokea salamu zangu. Nimetazama filamu bubu ya Kijerumani iitwayo Nosferatu, nami nimesikia kwamba mahakama iliwahi kuamuru nakala zake ziteketezwe. Imekuwaje basi tukaiona hadi leo? Na mwongozaji wake, F. W. Murnau, alikuwa nani?

JIBU: Amri hiyo ilitolewa kweli nchini Ujerumani mwaka 1925. Kampuni ya Prana-Film ilikuwa imechukua kisa cha riwaya ya Dracula bila kununua haki zake, na hila ya kumwita mhusika wake mkuu, mnyonya damu Dracula, kwa jina la Orlok haikufua dafu, kwa kuwa maandishi ya mwanzo ya filamu yenyewe yaliitaja riwaya hiyo waziwazi. Florence Stoker, mjane wa mwandishi, alishtaki. Na kwa kuwa kampuni ilikwisha kufilisika na haikuwa na cha kumlipa, alidai nakala ziharibiwe. Nyingine, hata hivyo, zilikwisha kuvuka mipaka, na hizo ndizo zilizosalimika.

Murnau alizaliwa Bielefeld tarehe 28 Desemba 1888, akaitwa Friedrich Wilhelm Plumpe. Jina tunalomjua nalo alilichukua kwenye mji mdogo wa Bavaria. Alijifunza uigizaji kwa Max Reinhardt, mwongozaji wa michezo ya jukwaani, mjini Berlin, akawa rubani katika Vita vya Kwanza vya Dunia, na mwaka 1917 akatua Uswisi, alikozuiliwa. Alianza kuongoza filamu mwaka 1919.

Kwa maoni yangu, anayemjua kwa Nosferatu pekee bado hajamjua. Tazama Der letzte Mann ya mwaka 1924, ambamo Emil Jannings ni bawabu mzee wa hoteli anayevuliwa koti lake la sare na kupelekwa kuhudumu msalani. Maandishi ya kufafanua kisa karibu hayapo kabisa, kwani kamera ndiyo inayosimulia: mwanzoni inashuka kwa lifti na kukatiza ukumbi hadi mlangoni, ikiwa imebebwa juu ya baiskeli, na mzee anapolewa, mpiga picha Karl Freund alijifunga kamera kifuani akapepesuka nayo, hata chumba kizima kikayumba machoni mwetu. (Mwisho wake wa furaha, nionavyo mimi, umebandikwa tu.)

Sifa za kazi hiyo zilimfikisha Hollywood, ambako aliitengenezea kampuni ya Fox filamu ya Sunrise mwaka 1927, iliyotunukiwa katika tuzo za kwanza kabisa za Oscar. Baadaye studio ilianza kumwingilia kazi, filamu za sauti zikiwa zimeshika soko, naye akajiondoa na kwenda visiwa vya Polinesia, katika Bahari ya Pasifiki, kutengeneza filamu iitwayo Tabu. Alifariki California tarehe 11 Machi 1931, akiwa na umri wa miaka 42, kutokana na ajali ya gari, wiki moja tu kabla ya Tabu kuonyeshwa kwa mara ya kwanza.