Tasnifu Hukwama Mwanafunzi Anapojificha

Mhariri, swali lenu la wiki linauliza: kwa nini wanafunzi wengi wa uzamili na uzamivu hufaulu masomo yote ya darasani, kisha tasnifu ikawashinda? Najua kuna watakaojibu uvivu, na kuna watakaowashushia wasimamizi lawama zote. Mimi kazi yangu ni kuhariri tasnifu, na zimepita mikononi mwangu za fizikia, za ushairi na za uuguzi. Jibu langu ni kwamba tasnifu hukwama siku mwanafunzi anapoanza kumkwepa msimamizi wake.

Darasani tarehe hupangiwa na wengine. Mtihani una siku yake, na kazi ikichelewa alama zinakatwa. Pendekezo la utafiti likishapitishwa, ratiba yote hiyo inayeyuka, unabaki na mwaka mzima mtupu na maneno ya kuagana: "Endelea, ukipata kitu nionyeshe." Anayeumia zaidi ni yule aliyezoea kuongoza darasa, maana hataki kuonyesha kitu kibovu. Mwezi wa kwanza anasema sura haijakaa sawa. Mwezi wa tatu anaona haya kwa sababu ya ile miwili iliyopita. Nusu mwaka ikitimia, akimwona msimamizi kwenye korido anageuza njia. Barua pepe ya "umefikia wapi?" haijibiwi, kwa kuwa anaamini kuijibu kunadai sura ya kuambatisha. Aibu hiyo huzaa kama deni la riba: kila wiki ya kimya inapandisha ubora wa kile anachodhani lazima apeleke ili asamehewe.

Mambo haya nayaona kwenye maandishi yenyewe. Naletewa tasnifu yenye mapitio ya kazi tangulizi ya kurasa 90, yamepigwa msasa hadi yanang'aa, na mbinu za utafiti za kurasa 6. Mtu aliyejificha husoma. Kusoma kuna raha yake: unajiona uko kazini, hakuna anayekukosoa, na kila makala inakuelekeza kwenye nyingine tano. Kisha sura ya tatu inaniambia "mtafiti atawahoji walimu 30", ilhali sura ya nne inaeleza walimu hao walivyojibu. Ile "atawahoji" imesalia kutoka kwenye pendekezo. Maana yake sura hiyo haijafunguliwa na mtu tangu pendekezo lipite, mwanafunzi wala msimamizi.

Wasimamizi siwatetei. Wapo wanaokalia sura kwa miezi, na wapo wanaorudisha ukurasa wenye alama ya kuuliza pembeni bila hata neno moja. Lakini hata huyo, ukimtumia kurasa 10 na swali moja, atakujibu mapema kuliko ukimtumia 120 na "naomba maoni yako". Zile 10 atazisoma kabla ya kikao kinachofuata. Zile 120 zitasubiri likizo. Uliza kitu kinachojibika: je, hoja hizi tatu zinatimiza lengo la pili, au moja niihamishie sura ya tano? Peleka hata rasimu inayotia aibu, ilimradi ina swali. Msiachane kabla ya kutaja tarehe ya kukutana tena, na siku hiyohiyo mwandikie mliyokubaliana. Barua hiyo itakufaa atakapobadili mawazo, na atabadili tu.

Jambo jingine ni ukubwa wa kazi, na hapa kujificha huanza mapema, wakati wa pendekezo. Mwanafunzi huweka malengo mahususi matano, mawili yakiwa ya kulifanya pendekezo lionekane zito. Kila lengo litadai data yake, uchanganuzi wake, mjadala wake na hitimisho lake. John Nash alitunukiwa uzamivu wa hisabati Princeton mwaka 1950 kwa tasnifu isiyozidi kurasa 40, yenye marejeo mawili tu, moja likiwa makala yake mwenyewe. Mwaka 1994 alikuwa mmoja wa waliopata Tuzo ya Nobel ya uchumi kutokana na kazi hiyo. (Ukijaribu hivyo kwenye elimu au fasihi watakurudisha mlangoni.) Lakini swali lake lilikuwa moja na lilieleweka. Kama umeelemewa, nenda kwa msimamizi umwombe mfute lengo la nne na la tano kabla hujakusanya data. Wengi hukubali upesi, kwa sababu nao watapunguziwa kurasa za kusoma.

Kwa walioacha kabisa, yupo Brian May. Alianza uzamivu Imperial College London mwaka 1970, akaiweka tasnifu kando ili apige gitaa katika kundi la Queen, akarudi chuoni hapo, akapata msimamizi mpya na kutunukiwa mwaka 2007. Alikuwa akichunguza vumbi lililotanda angani kati ya sayari, na bahati yake ni kwamba katika miaka hiyo yote mada ile ilifanyiwa utafiti mdogo. Usiitegemee bahati hiyo. Mapitio ya kazi tangulizi huzeeka, na vyuo vingi vina ukomo wa usajili.

Tuje kwenye utetezi, yaani kikao cha kuitetea tasnifu mbele ya watahini. Uholanzi utetezi wa uzamivu huenda kwa saa: dakika 45 zikitimia, mtumishi wa chuo anaingia ukumbini na kutangaza kwa Kilatini kwamba saa imefika, na mjadala unakatwa hapo hapo. Tasnifu yenyewe huwa imekubaliwa kabla. Kwingi kwingineko masahihisho hutolewa baada ya utetezi, na nimeshuhudia watu waliokwisha kupongezwa na kuitwa madaktari wakijificha upya kwa sababu ya orodha ya masahihisho ya watahini. Tengeneza jedwali la safu tatu: maoni ya mtahini, ulichofanya, na ukurasa. Anza na yale madogo ya tahajia na namba za majedwali, ili safu ya pili isikae tupu. Usipokubaliana na mtahini, andika sababu yako humo humo. Kuruka mstari ndiko kunakoirudisha kazi. Watahini wawili wakipingana, mpelekee mwenyekiti wa jopo aamue kwa maandishi.

Na jedwali likishajaa, acha kuzichokonoa sentensi ambazo hakuna aliyezigusa. Utavuruga namba za kurasa kwenye safu ya tatu, nami nitakutoza upya.