Muulize Mjomba: Fainali gani hizi zisizokwisha?

*Mjomba, shikamoo. Mimi ni wa Morogoro, nimeolewa Regina, Saskatchewan. Wakwe zangu wamepagawa na kalingi, ule mchezo wa kusukuma mawe kwenye barafu. Mwezi wa pili 2025 waliniambia leo fainali, nikapika pilau tukatazama. Mwezi wa tatu, fainali tena. Wiki mbili baadaye, usiku wa manane, fainali nyingine huko Korea. Mwezi wa nne wakafunga safari kwenda Moose Jaw, nako ati fainali. Sasa bingwa ni nani? Na ajabu zaidi, nimeona Canada ikicheza dhidi ya Manitoba, na Manitoba si imo humo humo Canada? — Mke wa Regina*

Marahaba mwanangu, na pole kwa masufuria. Hakuna aliyekudanganya. Fainali zote nne zilikuwa za kweli, ila kila moja ina kombe lake. Simba wakicheza ligi, kisha kombe la ndani, kisha mashindano ya Afrika, mbona huulizi?

Tofauti kubwa ni hii. Kwenye kalingi, Canada haiiti wachezaji bora kutoka timu mbalimbali ili kuunda timu moja ya taifa. Timu ni watu wanne waliochaguana wenyewe, na mara nyingi wa tano wa akiba. Wakishinda ubingwa wa nchi, basi wao ndio Canada. Wanavaa jani jekundu la bendera ya Canada na kwenda kwenye mashindano ya dunia wakiwa vile vile walivyo. Mwaka unaofuata wanarudi kutetea ubingwa wa nchi bila kupita mchujo wa mkoa, na jezi zao bado zimeandikwa Canada. Ndiyo maana uliona Canada ikimenyana na Manitoba. Ilikuwa fainali ya wanawake pale Thunder Bay, Ontario, tarehe 23 Februari: Rachel Homan, bingwa mtetezi, dhidi ya Kerri Einarson wa kwetu Manitoba. Homan alishinda 6–1. Sisi wa Winnipeg tulizima televisheni mapema.

Hayo mashindano ya wanawake ya ubingwa wa nchi yanaitwa Scotties. Ya wanaume ni Brier, yaliyoanza Toronto mwaka 1927, na ukitaka kumfurahisha baba mkwe wako, mwambie Brier ndiyo mashindano makubwa kuliko yote duniani. Si kweli kwa karatasi, lakini mimi pia naamini hivyo. Timu 18 zinagawanywa makundi mawili, kila timu inacheza mechi nane katika kundi lake, kisha tatu za juu kila kundi zinaendelea. Mwaka 2025 yalikuwa Kelowna, British Columbia. Brad Jacobs, akichezea Alberta, alimfunga Matt Dunstone 5–3. Dunstone naye ni wa Manitoba. Usiniulize zaidi.

Fainali ya usiku wa manane ilikuwa ya dunia, wanawake, Uijeongbu, Korea Kusini. Homan aliishinda Uswisi ya Silvana Tirinzoni kwa mwaka wa pili mfululizo. Usiwadharau Waswisi wale: walitwaa ubingwa wa dunia 2019, 2021, 2022 na 2023, na walikuwa na mpangilio ninaoupenda sana. Tirinzoni ndiye aliyekuwa nahodha, lakini mawe ya mwisho alimwachia Alina Pätz. Nahodha wengi hawakubali kuliachia jiwe la mwisho.

Moose Jaw ilikuwa ya dunia, wanaume. Wakwe zako walikwenda kumshangilia Jacobs, wakarudi na shaba. Ubingwa ulichukuliwa na Scotland ya Bruce Mouat, iliyoipita Uswisi kwa pointi moja, 5–4. Kwa hiyo kama wiki ile kulikuwa na ukimya mezani, usidhani ni chumvi ya mchuzi wako.

Bado sijataja Grand Slam, mashindano ya fedha, msimu ule yaliyoanza vuli hadi mwezi wa nne, ambako Waskochi, Waswisi, Waswidi na Wacanada hukutana bila kujali bendera. Mechi zake ni endi nane, yaani raundi za kurusha mawe, badala ya kumi. Ni kalingi nzuri, lakini kwangu endi nane ni kama chai isiyochemka vizuri. Na baada ya yote hayo huja ubingwa wa dunia wa wawili wawili, mwanamke na mwanaume. Mwaka 2025 ulifanyika Fredericton, New Brunswick, ukaisha mwezi wa tano, Italia wakachukua. Hapo ndipo barafu huzimwa.

Jambo moja utalisikia sana nyumbani: "Wamepoteza lakini bado wamo." Kwenye hatua ya mwisho ya Scotties na Brier, zinapobaki timu nne, wa kwanza hucheza na wa pili, wa tatu na wa nne. Anayeshinda mechi ya wakubwa anakwenda fainali moja kwa moja. Anayeshindwa hatolewi, anamsubiri mshindi wa mechi ya wadogo, nao hugombea nafasi iliyobaki. Kumaliza juu katika hatua za mwanzo kunakupa haki ya kuteleza mara moja. Mimi naona ni uungwana.

Ushauri wangu: pilau pika Jumapili ya fainali ya Brier. Fainali nyingine zote zinatosha chai na kashata.

*Mjomba, wale wanaofagia mbele ya jiwe, barafu si safi tayari? — Mdadisi, Mwanza*

Safi ni safi, lakini si laini. Kabla ya mechi fundi hupita akiinyunyizia matone ya maji, yanaganda na kuwa vipele vidogo vidogo. Jiwe la karibu kilo 20 hupita juu ya vipele hivyo likizunguka polepole, na mzunguko huo ndio unaolipindisha njia. Ukifagia kwa nguvu unaipasha barafu joto kidogo, msuguano unapungua, jiwe linafika mbali zaidi bila kupinda sana. Ukiacha, linapinda. Nahodha aliyesimama upande wa pili akipiga kelele, anawaambia wafagie au waache.

Brashi zenyewe zilishazua ugomvi. Msimu wa 2015 zilitokea za kitambaa kikali kiasi kwamba wafagiaji walikuwa wakiliongoza jiwe wanavyotaka. Wachezaji wenyewe walilalamika, na 2016 shirikisho la dunia likaamuru kitambaa cha aina moja kwa wote. Mawe nayo, kwa mashindano makubwa, ni matale kutoka Ailsa Craig, kisiwa kidogo cha Scotland.

*Mjomba, kwa nini wanapeana mikono mechi haijaisha? Wanaogopa? — Juma wa Mississauga*

Hawaogopi, Juma, wanahesabu. Mpinzani akikuzidi pointi nne na imebaki endi moja, na ni fundi wa kuondoa mawe yako, unajua kilichobaki ni kuchoshana. Unavua glavu, unampa mkono. Kung'ang'ania mechi iliyokwisha huonekana utovu wa adabu. Hata ukiligusa jiwe linalotembea kwa brashi yako, unatakiwa useme mwenyewe.

Klabuni kwetu Jumatano usiku, tunaocheza wengi wetu magoti yamechoka, kwa hiyo tunasukuma jiwe kwa fimbo maalumu tukiwa tumesimama, na sheria za klabu zinaruhusu. Mechi ikiisha, desturi ni walioshinda kuwanunulia walioshindwa kinywaji cha kwanza. Mimi huagiza chai ya rangi, na wameshazoea kuniletea tangawizi.

*Mjomba, Afrika tupo? — Mwanafunzi, Nairobi*

Tupo, japo kidogo. Nigeria ilijiunga na shirikisho la dunia, na mwaka 2019 ikacheza ubingwa wa dunia wa wawili wawili huko Stavanger, Norwei, ikaifunga Ufaransa. Kenya nayo ni mwanachama. Kwenu Nairobi, hoteli ya Panari ilifungua uwanja wa barafu mwaka 2005, na hapo ndipo ilipokulia timu ya hoki ya Ice Lions. Lakini barafu ya kuteleza kwa viatu haiko sawasawa, jiwe linapotea njia. Kalingi inataka barafu yake, iliyopimwa.

Mkitaka kuanza, anzeni na wawili wawili. Ni watu wawili tu, kila timu inarusha mawe matano kwa endi, na mechi ni endi nane. Hapo, mwanangu, chai yangu isiyochemka nitainywa bila kununa.