Muulize Mama Nesi: Nimepangiwa Ngarenanyuki, niende na mtoto?

SWALI: Shikamoo Mama Nesi. Mimi ni mwalimu, nimezaliwa na kukulia Moshi mjini. Nimepangiwa sekondari huko Ngarenanyuki, ng'ambo ya Hifadhi ya Taifa ya Arusha, na nina mtoto wa kiume wa mwaka mmoja na miezi miwili. Mama mkwe hataki kusikia. Anasema mjukuu wake hatalelewa porini na tembo na nyati. Wewe umewahi kuishi huko: niende naye au nimwache kwa bibi yake?
Mwalimu, Moshi

JIBU: Marahaba mwanangu. Nenda naye. Nimekaa Ngarenanyuki miaka kumi na mmoja nikiwa muuguzi wa zahanati, na wanangu wawili walijifunza kutembea kwenye vumbi lile. Ukipanda gari Usa River, barabara inakatiza ndani ya hifadhi yenyewe, na pale Serengeti Ndogo kuna siku twiga anasimama karibu hadi unaona kope zake. Asubuhi jua linachomoza upande wa Kilimanjaro, na kilele cha Meru nyuma yako kinawaka chekundu wakati uani kwako bado giza.

Mama mkwe ana haki ya kuogopa nyati, hasa dume mzee aliyejitenga na kundi. Kabla hakujapambazuka na baada ya magharibi usitembee peke yako, hata kama shule ni hatua mia mbili. Tembo hufuata mahindi, kwa hiyo magunia yasikae chumba mnacholala. Akiingia shambani kwa jirani, msimmulike wala kumrushia mawe. Kaeni ndani, pigeni simu kwa askari wa wanyamapori. Choo kiko nje, basi usiku ni tochi na viatu, maana nyoka kifutu hulala njiani na hasogei akisikia hatua. Akikuuma usichanje, usifunge kamba. Mguu utulizwe, hospitali haraka. Mengine majirani watakufundisha vizuri kuliko mimi.

Ila bibi hakutaja maji, na mimi ndiyo yanayoninyima usingizi.

Jina lenyewe Ngarenanyuki ni la Kimaasai, maji mekundu. Mito na chemchemi nyingi zinazotoka Mlima Meru zimebeba floridi kutoka kwenye miamba ya volkano. Kiwango kinachokubalika ni miligramu 1.5 kwa lita, na maji mengi ya huko yanakipita mara kadhaa. Meno ya ukubwani yanajengeka ndani ya ufizi hadi mtoto afike kama miaka 8, na floridi ikizidi wakati huo huyatia madoa. Wa kwako yumo katikati ya umri huo.

Kijana wangu wa kwanza nilimchemshia maji kila jioni, dakika ishirini kwa saa ya ukutani, kama tulivyofundishwa chuoni. Kuchemsha kunaua vijidudu. Floridi haiondoki, maji yakipungua kwa mvuke, yenyewe inabaki sufuriani. Alipofika miaka saba, meno mawili ya mbele yaliota na michirizi ya kahawia. Leo ni baba wa watoto, na bado akicheka anainua mkono kuziba mdomo. Kila nikiuona mkono ule unapanda, naumia upya. Mdogo wake nilimlea kwa maji ya mvua. Yeye hazibi mdomo.

Kwa hiyo, kabla hujanunua kitanda, nunua simtanki na mifereji ya bati, na viwe tayari kabla ya masika, mwezi Machi. Mvua ya kwanza iache ioshe paa, ndipo ukinge. Maji hayo ni ya mtoto kunywa na kupikiwa uji; ya mto fulia na ogea. Kiangazi yakiisha, kuna chujio la mkaa wa mifupa: waulize kwenye kituo cha Ngurdoto, wanaoshughulika na kuondoa floridi majini, na uliza pia mkaa unabadilishwa baada ya muda gani, kwa sababu unachoka. Magadi usitie kwenye makande yake, nayo yana floridi. Na kama bado ananyonya, usimwachishe kwa sababu ya kuhama; kwenye maziwa yako floridi hupita kidogo mno.

Akianza kung'oa meno ya utoto, niandikie uniambie mapya yametoka na rangi gani.