Milisekunde 40 zilizonila wiki nzima

Ukiona kila ombi kwenye seva yako linachukua milisekunde 40 na ushei, leo 40, kesho 40, acha kuisumbua hifadhidata. Mimi niliisumbua. Niliongeza faharasa, nikaandika upya maulizo, nikaongeza hadi kumbukumbu, na namba ikabaki palepale kama imepigiliwa msumari. Hilo peke yake lilitakiwa kunishtua mapema. Kazi halisi huyumba: mara haraka, mara polepole. Muda usioyumba maana yake kuna mahali saa imetegwa na kitu kinasubiri ilie.

Seva yenyewe nimeiandika kwa mkono wangu, kwa hiyo hakuna wa kumlaumu. Itifaki yake ni nyepesi: baiti 4 za kutaja urefu wa jibu, kisha jibu lenyewe. Nilipoichungulia kwa strace, chombo kinachoonyesha programu inaiomba nini kerneli (kiini cha mfumo endeshi), niliona write, yaani ombi la kutuma data, ya baiti 4, na papo hapo write nyingine ya baiti 87. Programu ilikuwa imeshamaliza kazi yake. Nikafungua tcpdump, chombo cha kunasa pakiti zinazopita, niangalie mtandao unasema nini. Pakiti ya baiti 4 imetoka. Kimya. Milisekunde 40 zikapita, ACK, yaani stakabadhi ya kupokea data, ikarudi kutoka kwa mteja, na hapo ndipo zile baiti 87 zikachomoka kama zilizokuwa zimezuiliwa mlangoni.

Na kweli zilizuiliwa, tena na kerneli ya mashine yangu mwenyewe. Mwaka 1984 John Nagle, akiwa Ford Aerospace, alieleza katika RFC 896, mmoja wa nyaraka za kiufundi za intaneti, dawa ya tatizo la wakati ule: mtu akibonyeza herufi moja kwenye telnet, programu ya kutumia kompyuta ya mbali, baiti 1 ilisafiri na baiti 40 za vichwa vya TCP na IP, itifaki zinazobeba data mtandaoni, mgongoni. Kanuni yake ni hii: kama kuna data uliyoituma na bado haijapata stakabadhi, usitume kipande kingine kidogo, kikusanye mpaka stakabadhi ije au pakiti ijae.

Upande wa pili nako kuna ubahili wa aina yake. Mpokeaji hatoi ACK mara moja. Husubiri kidogo, huenda programu yake ina jibu la kutuma, basi stakabadhi ipande gari hilohilo. Kwenye Linux kusubiri huko huanzia milisekunde 40. Mifumo mingine imezoea 200, na RFC 1122 inataka kusizidi nusu sekunde. Sasa zikutanishe. Seva yangu haitumi baiti 87 kwa sababu baiti 4 hazijapokelewa rasmi. Mteja hapokei rasmi kwa sababu hana la kujibu, na hana la kujibu kwa sababu hizo baiti 87 hajaziona. Tangulia wewe, hapana, tangulia wewe. Kwa muunganisho mmoja unaouliza swali moja baada ya jingine, hayo ni maombi yasiyofika 25 kwa sekunde, huku prosesa ikipiga miayo.

Ushauri utakaoupata kila mahali ni kuwasha TCP_NODELAY, swichi inayozima kanuni ya Nagle, kwenye soketi (ncha ya muunganisho ndani ya programu). Ni mstari mmoja tu wa setsockopt, na unafanya kazi. Seva yoyote ya maswali na majibu ninayoandika siku hizi ninaiwasha, na lugha kama Go huiwasha yenyewe bila kuombwa. Lakini ukiishia hapo umefunika tatizo tu. Programu inayoita write mara sita kwa jibu moja sasa itamwaga pakiti sita ndogondogo, kila moja na vichwa vyake. Kwa hiyo anza na kuunganisha: jaza jibu zima kwenye bafa, kisha tuma mara moja, au tumia writev, inayotuma vipande kadhaa kwa ombi moja, kama hutaki kunakili data. Kwangu, baada ya hapo tcpdump ilionyesha pakiti moja ya baiti 91 na ucheleweshaji ukafa, hata kabla sijaigusa NODELAY.

TCP_CORK, kizibo kinachozuia pakiti zisizojaa zisitoke, ipo kwenye Linux kwa wanaotuma vichwa halafu faili kubwa nyuma yake, ila usisahau kuifungua. Ukisahau, kipande cha mwisho kinaweza kushikiliwa hadi milisekunde 200. TCP_QUICKACK, inayomfanya mpokeaji atoe ACK bila kusubiri, sikupendekezei kama tegemeo: haidumu, kerneli huizima inapoona vyema, nawe utabaki kuiwasha tena na tena. Na kama kuna proksi katikati, yaani seva inayopitisha maombi kati ya mteja na seva yako, ujue ina soketi zake; mpangilio uliouweka kwenye seva haufiki huko.

Kilichoniudhi zaidi ni kwamba majaribio yangu yalikuwa yamepita yote. Nilikuwa nafungua muunganisho mpya, natuma maombi matatu manne, nafunga. Linux huanza muunganisho ikitoa ACK bila kuchelewa, kisha huzoea na kuanza kuchelewesha, kwa hiyo jaribio langu lilikuwa linakwisha kabla ugonjwa haujaanza. Sasa jaribio linatuma maombi 500 kwenye muunganisho mmoja, moja baada ya jingine, na linaanguka wastani wa maombi 100 ya mwisho ukizidi milisekunde 5.