Data Chache, Vizigeu Vikubwa Mno: Maswali ya Wasomaji kuhusu Regresheni

SWALI: Nina rekodi za wagonjwa 60 walioumwa na nyoka, na nataka kujua kama kuchelewa kufika hospitali kunahusiana na kifo. Waliofika baada ya saa 24 ni 12, wakafariki 5. Waliowahi ni 48, na hakufariki hata mmoja. Nikiendesha regresheni ya lojistiki (inayokadiria uwezekano wa tukio kama kifo), programu inanipa kizigeu (namba inayoonyesha ukubwa wa uhusiano) cha karibu 20, kosa sanifu (kipimo cha kutokuwa na uhakika) la maelfu, na thamani ya p ya 0.99. Je, nikiondoe kigeu hiki kwa kuwa “hakina maana”? (Mwanafunzi wa uzamili, Dodoma)

JIBU: Usikiondoe. Hicho ndicho kigeu chenye nguvu kuliko vyote ulivyonavyo, na kukitupa kwa sababu ya ile 0.99 ni kosa tunalokutana nalo mara nyingi mno kwenye tasnifu.

Angalia kinachotokea. Kwa waliowahi, odi za kufa (waliofariki kugawanywa kwa walionusurika) ni 0 kwa 48. Logi ya sifuri haina kikomo upande wa hasi, kwa hiyo programu, inayotafuta kizigeu kinacholingana zaidi na data kama mtu anayetafuta kilele, inapanda mlima usio na kilele. Kila hatua inaongeza kizigeu kidogo, hadi ongezeko la urefu linakuwa dogo kiasi kwamba programu inasimama. Ile 20 si jibu, ni mahali iliposimama tu. Kosa sanifu nalo hupimwa kwa ukali wa mteremko unaozunguka kilele, na pale iliposimama ardhi ni tambarare, ndiyo maana limefika maelfu. Gawanya 20 kwa maelfu, unapata karibu sifuri, na p inakimbilia 1. Hali hii huitwa utengano. Hata pasipo utengano kamili, sampuli ndogo husukuma vizigeu vya lojistiki mbali na sifuri, yaani uhusiano huonekana mkubwa kuliko ulivyo. Kasoro hiyo huitwa upendeleo.

Dawa inayofaa hapa ni ya David Firth, aliyoichapisha mwaka 1993, ambayo Georg Heinze na Michael Schemper walionyesha mwaka 2002 kuwa inatatua utengano. Inaongeza adhabu ndogo ndani ya hesabu yenyewe ya ukadiriaji ili kuondoa sehemu kubwa ya upendeleo kabla haujajitokeza. Kwa jedwali lako la mbili kwa mbili, matokeo yake ni sawa kabisa na kuongeza nusu katika kila chumba, kwa hiyo unaweza kuyahakiki kwa kalamu:

(5.5 × 48.5) ÷ (7.5 × 0.5) = 71.1

Huo ndio uwiano wa odi (odi za waliochelewa kugawanywa kwa odi za waliowahi), na logi yake, ambayo ndiyo kizigeu, ni 4.26. Bado ni mkubwa, lakini sasa una mwisho. Ukiongeza vigeu vingine, hesabu ya nusu haitoshi tena. Tumia kifurushi cha logistf au brglm2 ndani ya programu ya takwimu ya R, firthlogit kwa Stata, au chaguo la FIRTH ndani ya PROC LOGISTIC ya SAS.

Mambo mawili huharibika watu wanapotumia Firth. La kwanza ni mipaka ya asilimia 95, yaani masafa ambamo kizigeu halisi kinatarajiwa kuwamo. Usichukue kizigeu ukajumlisha na kutoa kosa sanifu mara 1.96, kwa sababu kwenye data kama hizi mlima umeinama upande mmoja. Omba mipaka inayofuata umbo la mlima wenyewe. logistf hufanya hivyo bila kuambiwa, ila kwenye SAS lazima uandike CLPARM=PL. Upande wa juu utatoka mrefu zaidi ya wa chini, na uripoti hivyo hivyo ulivyo.

La pili ni ubashiri. Adhabu ya Firth huvuta uwezekano uliobashiriwa kuelekea nusu. Kwako wewe, waliochelewa wanapata 5.5/13, yaani asilimia 42.3, na waliowahi 0.5/49, asilimia 1.02. Zidisha kwa 12 na kwa 48, kisha jumlisha: modeli inatarajia vifo 5.57 ilhali walikufa 5. Kwa kukadiria uwiano wa odi hilo halina shida. Kama unatengeneza chombo cha kubashiri hatari kwa mgonjwa, shikilia vizigeu vya Firth bila kuvibadilisha, kisha kadiria upya namba ya mwanzo (intercept, ile inayoingia kwa kila mgonjwa kabla ya vigeu) peke yake kwa njia ya kawaida. Wastani wa ubashiri utarudi asilimia 8.3, sawa na 5 kwa 60. Marekebisho hayo huitwa FLIC, na logistf inayo.

Na tafadhali: Firth hamjui mgonjwa aliyefia njiani asiandikwe. Upendeleo wa namna hiyo hautolewi na fomula yoyote.

SWALI: Msimamizi wangu anasema lazima niwe na matukio (kama vifo) 10 kwa kila kigeu. Nina matukio 18 na vigeu 6. Nifanyeje? (Msomaji, Eldoret)

JIBU: Kanuni ya 10 ilipata umaarufu kutokana na majaribio ya kompyuta yaliyochapishwa mwaka 1996. Ni tahadhari, si sheria. Hata hivyo 18 kwa 6 ni kidogo kweli, na huenda hali ni mbaya zaidi: kigeu chenye makundi manne kinakula nafasi tatu, si moja. Hesabu upya kwanza.

Usiviache vigeu vichujwe na programu kwa kuangalia p. Vinavyobaki ni vile vilivyobahatika kutoka vikubwa, kwa hiyo unaongeza upendeleo juu ya upendeleo. Chagua kwa ujuzi wa ugonjwa wenyewe, kabla ya kutazama matokeo.

Kisha jaribu adhabu ya log-F(1,1), ambayo haihitaji programu maalumu. Kwa kila kigeu ongeza mistari miwili ya data: mmoja wenye tukio, mwingine usio na tukio, kila mmoja na uzito wa 0.5. Kigeu husika weka 1, vingine vyote 0. Safu ya namba ya mwanzo itengeneze mwenyewe, 1 kwa wagonjwa halisi na 0 kwa mistari ya nyongeza, na uiambie programu isiongeze yake. Watu husahau hatua hii, na adhabu inaishia kuivuta namba ya mwanzo. Umri usiuingize kwa mwaka mmoja mmoja. Ugawe kwa 10 kwanza, la sivyo adhabu haitauma. Log-F(1,1) ni sawa na kusema, kabla ya data, kuwa una uhakika wa asilimia 95 kwamba uwiano wa odi uko kati ya 1/648 na 648. Hakuna msimamizi atakayekuita mkali kwa hilo. Ukitaka kubana zaidi, weka uzito wa 1 badala ya 0.5, na masafa yanakuwa 1/39 hadi 39.

SWALI: Nina mashamba 15 na napima mavuno kwa regresheni ya mstari. Je, nami nitumie Firth? (Msomaji, Mbeya)

JIBU: Hapana. Kwenye regresheni ya mstari, uchache wa data peke yake haupindishi vizigeu, ilimradi modeli ni sahihi. Unapanua tu mipaka yake. Kwa mashamba 15 ingiza kigeu kimoja, viwili kwa shida, na chora nukta zote kwenye grafu: shamba moja lililo mbali na mengine linaweza kuuvuta mstari wote peke yake.