Orodha kwanza, kichupa baadaye: ushauri kwa anayejiandaa kutoa chanjo ya janga

Mhudumu wa afya akiambiwa chanjo ya janga itapitia kwenye kliniki yake, huuliza itafika lini. Mimi nakushauri uanze na swali jingine: unamjua kila utakayemchoma, anakaa wapi, na ile namba ya simu iliyo kwenye faili lake bado inapatikana? Nilikuwa muuguzi kwenye kliniki ya daktari wa familia Uingereza mwaka 2009, wakati wa mafua ya nguruwe, na karibu kila kilichotuendea vizuri au kutukwamisha kilianzia kwenye orodha.

Kwa asiyeujua mfumo ule, kila mkazi hujisajili kwa kliniki moja ya daktari wa familia, wenyewe wanamwita GP, na kumbukumbu zake za matibabu hukaa hapo. WHO walitangaza janga tarehe 11 Juni 2009. Chanjo ilianza kutolewa 21 Oktoba, hospitali zikitangulia, na wiki iliyofuata maboksi yakaanza kufika kwenye kliniki. Serikali ilikuwa imeshapanga wa kuanza nao: wenye maradhi sugu kuanzia miezi 6 hadi miaka 65, kisha wajawazito, kisha wanaoishi nyumba moja na mtu ambaye kinga yake imeshuka, halafu wazee wa zaidi ya miaka 65 wenye maradhi hayo.

Wagonjwa wa pumu, kisukari na moyo tuliwapata upesi, kwa sababu kliniki zilikuwa na rejista zao tangu zamani na kila msimu wa baridi huwaita kuchanjwa mafua ya kawaida. Wajawazito walitutoa jasho. Wengi wao walikuwa wanahudhuria kwa wakunga, na kompyuta yetu haikujua kwamba wana mimba. Wanaoishi na mgonjwa wa saratani, kwa mfano, hawakuwa kwenye rejista yoyote duniani, ilibidi tumuulize mgonjwa mwenyewe, "Nyumbani uko na nani?" Kwa hiyo ushauri wangu ni huu: fanyeni urafiki na wakunga kabla ya janga, na kila mgonjwa anayekuja, hata kwa kikohozi tu, hakikisheni simu na anwani yake papo hapo. Kazi hiyo haiwezi kufanywa vizuri wiki ambayo chanjo inafika.

Sasa kichupa. Chanjo iliyotumika zaidi ilikuwa Pandemrix, na ilikuja kwenye boksi la dozi 500. Kila dozi kumi zilikuwa vichupa viwili: kimoja cha chanjo yenyewe, kingine cha kimiminika cheupe cha kuipa nguvu. Unavitoa kwenye friji na kusubiri baridi yake iishe, unavuta kile cheupe chote kwa bomba la sindano, unakiingiza kwenye kichupa cha chanjo, unatikisa, unaandika saa. Kuanzia hapo una saa 24. Aliyefanya kazi zahanati yoyote ya kwetu anaujua mtihani huu kutoka kwenye chanjo ya surua, ambayo ukishaichanganya una saa sita tu. Akija mama mmoja na mtoto mmoja, unafungua au hufungui?

Jibu letu lilikuwa kuita watu kwa makundi ya kumi, na kuwa na majina ya akiba: watu wanaokaa karibu, waliokubali kupigiwa simu na kufika ndani ya nusu saa. Majina hayo ya akiba yaliokoa dozi nyingi. Lakini msiifanye hesabu ya kichupa iwe juu ya mtu. Mjamzito aliyekuja kwa basi mbili akikukuta huna kumi, fungua. Dozi tisa zikimwagika ni hasara. Yeye kurudi nyumbani bila chanjo ni hasara kubwa zaidi, kwa sababu virusi vile viliwaelemea wajawazito kuliko wanawake wengine wa umri wao.

Kuhusu friji nitasema machache tu. Pimeni nafasi mapema. Boksi kubwa lilifika msimu uleule wa chanjo ya mafua ya kawaida, na vyote vinataka nyuzi 2 hadi 8.

Barua hazikutosha. Tulituma nyingi, lakini kilicholeta watu ni sauti wanayoijua. Namkumbuka dada mmoja Mswahili mwenye mimba kubwa, aliyeniambia kwenye simu, "Dada, hii wameitengeneza haraka mno, mimi naogopa." Sikumwambia asiogope. Nilimweleza kwamba kiwanda hakikuanzia sifuri: muundo wa chanjo ulikuwa umeshapewa kibali Ulaya mwaka 2008 kwa ajili ya janga la mafua, wakati huo wakijaribia virusi vya mafua ya ndege, na sasa virusi ndivyo vilivyobadilishwa. Nikamwambia pia mkono utauma na huenda akapata homa. Alisema ataongea na mumewe, kisha akaja naye. Mpeni mtu nafasi ya kwenda kuongea na watu wake.

Wazee wazima wa afya nao walilalamika, na walikuwa na haki ya kuelezwa. Kila mwaka wao ndio hutangulizwa, mwaka huu wanaambiwa wasubiri! Sababu ilikuwepo: wengi walikuwa na kinga ya virusi vya zamani vinavyofanana na hivi, na waliokuwa wakiugua zaidi ni vijana na watoto. Mfundisheni karani wa mapokezi sababu hiyo kwa maneno mepesi, kwa kuwa yeye ndiye anayeulizwa kwanza.

Malipo yapangwe mapema pia. Madaktari walikubaliana na serikali pauni 5.25 kwa dozi kwa makundi ya mwanzo. Watoto wa chini ya miaka mitano walipoongezwa, makubaliano ya kitaifa hayakupatikana na kila eneo likajipangia lake. Mzazi hapaswi kusubiri watu wazima wamalize kubishana.

Na andikeni. Jina la chanjo, namba ya bechi, tarehe, mkono upi. Agosti 2010 Finland na Sweden walianza kuripoti watoto na vijana waliopata nakolepsia, ugonjwa wa usingizi usiozuilika, baada ya Pandemrix, na baadaye utafiti Uingereza ukaonyesha kwamba hatari hiyo iliongezeka kweli kwa watoto. Wagonjwa walikuwa wachache ukilinganisha na waliochanjwa, lakini kwa kila familia ni maisha yaliyobadilika. Mzazi akirudi kuuliza mwanawe alichomwa nini na lini, mtafutie faili, msomee kilichoandikwa, na umjazie fomu ya kuripoti madhara siku hiyohiyo, hata kama wewe mwenyewe huna hakika kwamba ni chanjo.